Major Taylor: Mfalme wa gia moja aliyefungiwa milango, akapita na baiskeli

UKITOKA nje alfajiri mjini Mandera, kabla jua halijaanza kuuma, utaviona vyombo vya kila aina barabarani. Tuktuk zinaamka, bodaboda zinatafuta abiria wa kwanza, punda anavuta mkokoteni wa maji. Na mara mojamoja utamwona kijana juu ya baiskeli ile nyeusi ya chuma tunayoiita Black Mamba. Ni nzito, ni ngumu kama jiwe, na haina gia ya kubadilisha. Ukikutana na mchanga unakanyaga. Ukikutana na upepo unakanyaga. Huna kitufe cha kukuokoa.

Kijana huyo jioni akifungua simu anaona Tour de France. Anaona baiskeli za kaboni zenye gia 24, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa vidole viwili. Anafunga simu na kujiambia kwamba huo mchezo si wetu, ni wa watu wenye pesa na lami.

Basi leo tumsimulie mtu mmoja. Alikuwa mweusi, mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani, na baiskeli yake ilikuwa na gia moja tu. Mwaka 1899 alikuwa bingwa wa dunia. Jina lake Marshall Walter Taylor, lakini dunia ilimjua kama Major Taylor.

Baiskeli ya kupewa

Taylor alizaliwa Novemba 26, 1878, mjini Indianapolis, Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 13 tu iliyotangulia. Baba yake, Gilbert, aliendesha gari la farasi la familia moja ya kizungu yenye mali. Familia hiyo ilikuwa na mtoto wa kiume wa rika la Marshall, na wawili hao wakawa marafiki wa kucheza pamoja. Kijana wa tajiri alipopata baiskeli, Marshall naye akapata.

Urafiki huo ulimwonyesha mapema jinsi dunia yake ilivyopangwa. Walipoenda kwenye jumba la mazoezi la vijana mjini, wenzake waliingia, yeye akabaki nje. Hakuwa amekosea lolote. Rangi yake tu.

Familia ile ikahamia Chicago, Marshall akabaki Indianapolis na wazazi wake. Lakini baiskeli alibaki nayo, bana. Akaanza kusambaza magazeti ili apate vijisenti. Na kila alipopata nafasi alijifundisha michezo ya kuchezesha baiskeli: kusimama juu yake, kugeuka, kuiendesha kinyume.

Wenye duka moja la baiskeli, Hay & Willits, wakamwona na kumpa kazi. Alifagia duka, halafu mchana akatoka nje kuonyesha mbinu zake ili kuvuta wateja. Walimvisha sare iliyofanana na ya jeshi. Watu wakaanza kumwita Meja, na jina likaganda mpaka kaburini.

Mzaha uliogeuka ushindi

Akiwa na miaka 13 hivi, alienda kutazama mashindano ya maili 10, yaani kilomita 16, yaliyoandaliwa na waajiri wake. Bosi akamwona pembeni, akaamua kumwingiza kwenye msitari wa kuanzia kama kichekesho. Mpango ulikuwa kijana akanyage kidogo, watu wacheke, kisha aache.

Kumbe kijana hakuja kuchekesha. Alikanyaga mpaka mwisho, akawashinda watu wazima, na alipovuka utepe akaanguka chini kwa uchovu. Alipozinduka alikuta medali ya dhahabu kifuani.

Hapo ndipo mtengenezaji na mkimbiaji wa zamani wa baiskeli, Louis Munger, alipomtia jicho. Munger alikuwa mzungu, na wenzake walimshangaa kwa nini anahangaika na mtoto mweusi. Yeye aliona miguu na moyo. Mwaka 1895 Munger alihamisha kazi yake hadi mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, akaondoka na Taylor.

Kabla ya kuhama, Taylor aliwaachia watu wa nyumbani ukumbusho. Kulikuwa na mbio za barabarani za maili 75, kilomita 120 hivi. Alijua wazungu wasingekubali kuanza naye, kwa hivyo alijificha, wakaanza, naye akatoka nyuma na kuwafuata. Walipomtambua walimtukana na kumtishia. Akawapita. Njia ilikuwa mbaya na mvua ikanyesha. Mwishoni aliyefika ni mmoja tu, naye ni Taylor. Wengine wote waliishia njiani.

Siri ya gia moja

Sasa tusimame kidogo tuongee kuhusu chombo chenyewe, maana hapa ndipo penye somo.

Baiskeli ya Taylor ya uwanjani ilikuwa na gurudumu moja la meno mbele, moja nyuma, na cheni katikati. Basi. Tena haikuwa na friwili, ile sehemu ya nyuma inayokuruhusu kuacha kukanyaga huku baiskeli ikiendelea kuteleza. Tairi likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako inazunguka, utake usitake. Na haikuwa na breki. Ukitaka kupunguza mwendo unaizuia kwa miguu. Hadi leo baiskeli za mbio za uwanjani, hata za Olimpiki, zimeundwa hivyohivyo.

Chombo kama hicho hakikubali uvivu. Kwenye mlima huna gia nyepesi ya kukimbilia, kwa hivyo miguu inajenga nguvu. Kwenye mteremko au ukipata upepo wa mgongoni, lazima miguu izunguke haraka mno, kwa hivyo inajifunza wepesi. Na kwa sababu huwezi kupumzika katikati, mzunguko wa mguu unanyooka: unasukuma chini, unavuta nyuma, unainua, bila kurukaruka kitini. Mtu aliyezoea kubadilisha gia kila dakika anaweza kumaliza miaka bila kujua kwamba anakanyaga vibaya.

Hesabu yake ni rahisi, na unaweza kuifanya kwa Black Mamba yako leo. Hesabu meno ya gurudumu la cheni la mbele, kisha ya nyuma. Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 22. Gawanya, unapata 2. Maana yake kila ukizungusha pedali mara moja, tairi linazunguka mara mbili. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linasonga kama mita 2.2. Kwa hivyo kila mzunguko wa pedali unakupa mita 4.4. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 24 kwa saa.

Ukitaka kwenda kasi zaidi kwa baiskeli hiyohiyo, njia ni moja tu: zungusha miguu haraka zaidi. Hakuna mtu wa kukuuzia kasi hiyo. Ni yako, unaitengeneza mwenyewe.

Na usidhani wakubwa wa Ulaya walikuwa na raha kuliko Taylor. Tour de France ilianza mwaka 1903, na gia za kubadilisha kwa mnyororo zilipigwa marufuku kwenye mashindano hayo hadi mwaka 1937. Waendeshaji walikuwa wakifika chini ya mlima, wanashuka, wanafungua tairi la nyuma na kuligeuza ili kutumia meno ya upande wa pili, kisha wanapanda tena.

Mazoezi ya Worcester

Worcester palikuwa tofauti kidogo na Indianapolis. Hapa jumba la mazoezi lilimpokea. Taylor akaingia kwenye mazoezi kama mtu anayelipa deni. Aliinua vyuma vyepesi, akajenga mabega na mgongo, akajifunza kupumua. Alikuwa mtu wa kanisa, hakunywa pombe wala kuvuta sigara, na alilala mapema wakati wenzake wakizurura.

Mjini humo kuna barabara fupi inayoitwa George Street. Urefu wake si mkubwa, kama mita 150, lakini imesimama kama ngazi. Taylor alifanya mazoezi hapo, kwa gia yake ileile moja. Leo watu wa Worcester hufanya mashindano ya kupanda mlima huo kwa kumkumbuka, na wengi wao, pamoja na gia zao zote, hufika juu wakihema kama mbuzi wa mnadani.

Desemba 1896, akiwa na miaka 18 tu, aliingia rasmi kwenye mbio za kulipwa katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alishinda mbio fupi za nusu maili mbele ya baadhi ya majina makubwa ya Marekani. Kisha akajitosa kwenye mbio za siku sita, mchezo wa kikatili ambapo watu walizunguka uwanjani usiku na mchana karibu bila kulala. Alimaliza wa nane akiwa amekanyaga maili 1,732, karibu kilomita 2,800. Hiyo ni zaidi ya kutoka Mandera hadi Nairobi na kurudi, kwa wiki isiyofika.

Kufungiwa njia

Hata hivyo, kadiri alivyoshinda ndivyo milango ilivyofungwa.

Tayari mwaka 1894 chama kikuu cha waendeshaji baiskeli Marekani kilikuwa kimepitisha sheria ya kuwazuia watu weusi kuwa wanachama. Mwaka 1896 alirudi Indianapolis, akavunja rekodi ya uwanja mmoja mbele ya watu wake. Zawadi aliyopata ni kupigwa marufuku kukanyaga tena uwanja huo.

Kijana aliyekulia mpakani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anajua maana ya kusimama kwenye foleni na kuambiwa karatasi zako hazitoshi, leta na za babu yako. Anajua maana ya kuwa na kipaji na bado ukaulizwa kwanza unatoka wapi.

Uwanjani kwenyewe ilikuwa vita. Wapinzani waliungana kumzingira ili asipate upenyo. Walimsukuma, wakamrushia vitu, wakamgonga makusudi. Mwaka 1898 alienda Savannah, kusini mwa Marekani, kufanya mazoezi wakati wa baridi. Aliwaacha waendeshaji wa kizungu barabarani, na haukupita muda akapokea barua ya kumtaka atoke mjini ndani ya saa 48 la sivyo atajuta. Aliondoka. Hakuwa mwoga, ila alijua maiti hawashindi mbio.

Mwaka uliotangulia, Septemba 1897, mjini Taunton, jambo baya zaidi lilitokea. Baada ya mbio kumalizika, mzungu aliyekuwa ameshindwa naye alimvuta chini kutoka kwenye baiskeli na kumkaba koo mpaka akazimia. Polisi ndio waliomwokoa. Adhabu ya mkabaji ilikuwa faini ya dola 50 tu, halafu akaendelea na maisha yake.

Taylor alifanya nini? Alibadilisha mbinu. Kwa kuwa alijua watamfungia njia, alijifunza kukaa nyuma, kusoma mwendo wa wenzake, kisha kuchomoka katika mita za mwisho kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Au alitoka mbele mapema kabisa, wasipate hata nafasi ya kumzingira. Yale mazoezi ya gia moja, yale ya kuzungusha miguu haraka ghafla, ndiyo yaliyomwokoa.

Bingwa wa dunia

Agosti 10, 1899, mjini Montreal, Canada, Taylor alishinda ubingwa wa dunia wa maili moja. Alikuwa na miaka 20. Kabla yake, mwanamichezo mweusi mmoja tu ndiye aliyewahi kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote, bondia George Dixon wa Canada.

Mwaka huohuo, akiongozwa na chombo cha injini ya mvuke kilichomkatia upepo mbele, alikanyaga maili moja kwa dakika 1 na sekunde 19. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya kilomita 73 kwa saa. Bodaboda nyingi tunazopanda zikifika hapo abiria huanza kusali. Na huyu alitumia miguu na gia moja!

Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani wa mbio fupi. Akanunua nyumba katika mtaa wa wenye pesa Worcester. Majirani walipogundua mwenye nyumba ni mweusi, walijaribu kuinunua kutoka kwake kwa bei ya juu zaidi. Akakataa kuhama.

Ulaya ilimtaka sana, lakini huko mbio kubwa zilifanyika Jumapili, na Taylor alikuwa Mkristo wa Kibaptisti ambaye kwa miaka mingi alikataa katakata kushindana siku ya ibada yake. Aliacha pesa nyingi mezani kwa sababu hiyo. Msomaji wa Mandera ambaye huacha kila kitu adhana ya Ijumaa ikilia atamwelewa upesi. Mwishowe waandalizi ndio waliosalimu amri, wakampangia siku nyingine.

Mwaka 1901 akatua Ufaransa. Mpinzani mkubwa alikuwa Edmond Jacquelin, kipenzi cha Wafaransa. Walikutana Paris katika uwanja wa Parc des Princes mwezi Mei. Siku ya kwanza kulikuwa na baridi, misuli ya Taylor ikagoma, akashindwa. Jacquelin akamfanyia ishara ya kejeli mbele ya umati. Siku 11 baadaye wakarudiana, safari hii hali ya hewa ikiwa ya joto. Taylor alishinda raundi zote mbili bila mjadala. Joto ambalo wengine hulilalamikia lilikuwa rafiki yake.

Aliendelea kuzunguka dunia. Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris. Walipokuwa Australia mwaka 1904 walipata mtoto wa kike mjini Sydney, wakamwita jina la mji huo.

Mwisho wenye uchungu

Ingekuwa filamu tungeishia hapo. Maisha hayakuishia hapo.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 32, Taylor alistaafu. Mwili ulikuwa umechoka, na roho pia. Alikuwa amepata pesa nyingi kuliko wanamichezo wengi wa wakati wake, akaziweka kwenye biashara, na biashara zikaanguka moja baada ya nyingine. Nyumba ikauzwa. Ndoa ikavunjika.

Mwaka 1928 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa pesa zake mwenyewe, akawa anakiuza mkononi, mlango kwa mlango. Hebu mfikirie bingwa wa dunia akibisha hodi nyumba ya mtu asiyemjua, kitabu mkononi. Alihamia Chicago, akaugua, na Juni 21, 1932 akafariki katika wodi ya maskini ya hospitali ya umma. Alikuwa na miaka 53. Hakuna aliyejitokeza kuuchukua mwili, akazikwa kwenye kaburi la mafukara lisilo na jina.

Ni mwaka 1948 tu ambapo kundi la waendeshaji wa zamani, kwa pesa za tajiri wa kiwanda cha baiskeli Frank Schwinn, liliufukua mwili na kumzika upya kwa heshima. Mwaka 1982 mji wa Indianapolis, ule uliompiga marufuku, ulifungua uwanja wa baiskeli wenye jina lake.

Sasa, wewe na Mamba yako

Kwa nini tumekusimulia haya? Kwa sababu mchezo huu si wa mbali tena. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na alianza kuushika mchezo akiwa kijana chini ya Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea, jirani zetu wa Pembe ya Afrika, alishinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu.

Ukitaka kuanza, usisubiri gia 24. Toka alfajiri kabla ya jua, beba maji, na endeni wawili au watatu. Baki kwenye barabara mnazozijua karibu na mji, na mzee nyumbani ajue mko wapi. Mara mbili kwa wiki, zungusha miguu haraka kwa sekunde 20, pumzika dakika mbili, rudia mara sita. Siku nyingine nenda mwendo wa polepole kwa saa nzima bila kuacha kukanyaga hata kidogo, kana kwamba baiskeli yako haina friwili. Siku moja tafuta mchanga au upepo wa mbele, ukanyage ukiwa umekaa kitini. Siku inayofuata pumzika.

Lakini breki usizitoe. Taylor alikimbia bila breki ndani ya uwanja uliofungwa, si sokoni kati ya tuktuk na punda.

Na jifunze pia kutoka mwisho wake. Mbio zina umri. Ukianza kupata pesa, tafuta mtu anayejua mambo ya pesa kabla hazijakuzoea. Endelea na shule. Wakumbuke wenzako wazee waliokutangulia, usingoje kuwafukua.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, inama uhesabu meno ya cheni yako, ya mbele na ya nyuma. Hiyo ndiyo gia yako. Taylor naye alikuwa na moja.